Jahazi wa Suna: Paka wangu si kichaa, ni kilema

Wazee wetu wa pwani wana neno ambalo haliwatoki mdomoni kila wamwonapo mtu akimcheka kilema: hujafa hujaumbika. Neno hili nalilisikia tangu utotoni katika baraza za Mji wa Kale, Mombasa, nami nikilirudia kama kasuku. Lakini, mpenzi msomaji, sikupata kuionja maana yake mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi, mbali na bahari, huko Suna. Na aliyenionjesha hakuwa mwanachuoni wala mshairi. Alikuwa paka.

Kwa wasiopafahamu, Suna ndiyo nchi iliyouzunguka mji wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Hata barua za huko huandikwa Suna-Migori. Njia kuu itokayo Kisii kwenda Isebania yapita hapo, na Mto Migori nao wapita hapo. Wenyeji wengi ni Wajaluo, na Wakuria wako jirani. Sisi Waislamu tu wachache, tuliokwenda kwa biashara, lakini msikiti upo na adhana yasikika. Samaki wao ni wa ziwa: ngege, mbuta, na dagaa wale wadogo waitwao omena. Mimi nilikwenda na mke wangu kufungua duka la nguo, na mjukuu wetu mmoja tukakaa naye.

Katika masika ya mwaka 2018, paka mmoja wa mtaani alizaa watoto wanne katika ghala nyuma ya duka. Wawili walikufa katika juma la kwanza. Wa tatu alikuwa mzima, akachukuliwa na jirani. Wa nne ndiye huyu ninayetaka kukusimulia.

Wenziwe wa umri wake hutembea, yeye huyumba. Akitaka kwenda kulia, huanguka kushoto. Kichwa humtetemeka afikapo mbele ya chakula, kama kwamba anakataa kile anachokitamani. Akiinua mguu huuinua juu mno, kisha huutua pasipo. Mke wangu alipomwona akivuka sakafu namna ile, akacheka akasema, "Huyu ni jahazi lililokutwa na kusi bila tanga." Basi jina likawa Jahazi.

KELELE ZA KICHAA

Siku moja, Jahazi akiwa na umri wa wiki saba hivi, alitoka mpaka mlangoni mwa duka. Mjukuu wangu akainama kumwinua asianguke barabarani. Paka akashtuka, akamng'ata kidole, damu ikatoka. Mpita njia mmoja alikuwa amesimama pale akitazama jinsi mnyama yule anavyotetemeka kichwa. Akapiga kelele: "Kichaa! Paka ana kichaa, amemng'ata mtoto!"

Ndugu msomaji, bara na pwani, neno hilo halina mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa mwanadamu, ni nadra sana mtu kupona. Vijana walifika na marungu kabla sijavaa viatu vyangu. Na mimi, nakiri mbele yako, nilikuwa tayari kuwaachia wamuue. Nilimtazama yule paka nikamwona adui.

Aliyetuzuia ni bibi mmoja wa Kijaluo, jirani yetu, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Dani, yaani nyanya. Alikuja taratibu na fimbo yake, akasema, "Mzee, ukimuua leo, utajuaje kama alikuwa na kichaa? Mfungie. Mtoto mpeleke hospitali. Paka mpelekee daktari wa ng'ombe."

Tulimfunika Jahazi kwa tenga la kuku, tukaweka jiwe juu. Mke wangu alikiosha kidole cha mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, na ndivyo ipasavyo kwa kila aliyeng'atwa na mnyama asiyejulikana hali yake. Kisha tukaenda hospitali, akadungwa sindano ya kwanza ya kinga.

SIKU KUMI

Daktari wa mifugo alipofika aliniuliza swali moja tu: "Mzee, kuyumba huku kulianza lini?"

Nikamjibu, "Tangu siku aliyoanza kujifunza kutembea, mwanangu."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mnyama mwenye kichaa hali yake huharibika siku kwa siku, na aghalabu huwa amekufa kabla ya siku kumi kupita. Huyu ana wiki kadhaa akiyumba vile vile, hazidi wala hapungui, anakula na kunywa. Kwa maoni yake, ugonjwa ulimpata mama yake alipokuwa na mimba. Kuna virusi vya paka ambavyo vikimwingia paka mwenye mimba huweza kuiharibu sehemu ya nyuma ya ubongo wa watoto tumboni, ile sehemu ndogo inayopima mizani ya mwili. Mtoto huzaliwa na akili yake, macho yake na masikio yake, ila mizani hana. Hali hiyo haimuumi, haiambukizi, haizidi kadiri anavyokua, na yeye aweza kuishi umri wa paka yeyote.

"Lakini," akasema, "hayo ni maoni. Kwa kuwa amemng'ata mtoto, tutahesabu siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, basi siku ile alipong'ata hakuwa na kichaa cha kuambukiza. Na mtoto aendelee na sindano zake mpaka hapo."

Msomaji wangu, siku kumi hizo nazijua moja moja. Kila nikitoka kusali alfajiri nilikwenda moja kwa moja kwenye lile tenga na tochi, moyo ukinidunda, kutazama kama ana uhai. Niliomba dua paka yule aishi. Wala sikumwombea kwa kumpenda. Nilimwombea kwa kuwa uzima wake ndio ulionipa matumaini ya uzima wa mjukuu wangu. Siku ya tatu mtoto alidungwa tena, na siku ya saba tena. Siku ya tano Jahazi hakula jioni, nami sikulala. Kumbe alikuwa ameshiba omena alizopenyezewa mchana chini ya tenga na huyo huyo mtoto aliyeng'atwa!

Siku ya kumi tulilifunua tenga. Jahazi akatoka, akapiga hatua tatu, akaanguka ubavu, akainuka, akaendelea na safari yake mpaka miguuni pangu. Daktari wa hospitali akasema sindano zilizobaki hazina haja. Nami nikaketi sakafuni na kanzu yangu, nikampakata. Tangu siku hiyo sijapata kumwita adui.

DINI YETU YASEMAJE

Baadhi ya wenzangu msikitini waliniuliza faida ya kulisha paka asiyeweza hata kukamata panya. Niliwarudisha kwenye mafunzo tuliyosomeshwa chuoni. Nani katika sisi hajasomeshwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie? Na ya yule mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteka maji kisimani amnyweshe mbwa mwenye kiu? Sahaba mkubwa aliyetupokelea Hadithi nyingi kuliko wote, Abu Huraira, jina lake hilo la utani lilitokana na kipaka. Na ametufundisha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hakusema ni yule aliye na miguu minne mizima tu.

Waislamu wa zamani hawakuishia kwenye maneno. Mwingereza Edward Lane, aliyeandika habari za Wamisri katika kitabu kilichotoka mwaka 1836, ameeleza kwamba Sultani Baibars, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani iwe wakfu kwa ajili ya paka wa Kairo. Nasi hapa pwani tuna mfano wetu. Mwaka 1987 shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary lilianzisha huduma yake Lamu, na punda waliovunjika na kuchakaa kwa mizigo wakapata pa kutibiwa. Kama punda amestahili kitanda, paka je?

Dani naye ana mbwa wa miguu mitatu, wa nne ulikatwa na mtego wa waya. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi twajua hukumu ya ute wa mbwa, na kuosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini unajisi wa ute haukupata kuwa ruhusa ya ukatili. Nilimuuliza Dani kwa nini anamtunza mbwa yule. Akanijibu, "Alinilindia ng'ombe wangu miaka sita. Sasa zamu yangu." Sikuwa na la kuongeza.

NAMNA TUNAVYOKAA NAYE

Huenda nawe nyumbani mwako una mnyama wa hali hii, kwa hiyo nitakueleza machache niliyojifunza.

Sakafu ya saruji ni adui wa mnyama anayeyumba. Tulitandika mikeka ya ukindu kutoka pwani, kucha zake zikapata pa kushika. Chakula chake tunakiweka katika bakuli zito la udongo, lisilopinduka kichwa kikimtetemeka. Mahali pake pa haja ni sinia pana la mchanga lililoegemezwa ukutani, apate kujiegemeza naye. Hatumwachi kupanda juu, maana kupanda hupanda, kushuka ndiyo kazi. Barabarani haendi kabisa, kwa kuwa bodaboda hawamngoji mwenye kusitasita. Tumemhasi, na kila mwaka hudungwa chanjo ya kichaa.

Aliye na paka kipofu asihamishe vitu vya nyumba ovyo, kwani yule ameihifadhi nyumba kwa masharubu na pua. Aliye na paka mweupe wa macho ya buluu asimpige kwa ukaidi. Wengi wao huzaliwa viziwi, jambo ambalo Darwin alikwisha kulitaja katika kitabu chake cha mwaka 1859. Aliyekatwa mguu mmoja, mpe wiki chache tu, utamwona akikimbia. Na nakusihi, usimpe paka dawa zako za maumivu. Paracetamoli, kidonge kimoja tu, yaweza kumuua, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu.

HURUMA INA SURA MBILI

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mwaka 2021 nililetewa paka jike aliyegongwa na pikipiki, mgongo umevunjika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvimba kichwa kwa sifa za Jahazi. Watu walisema mzee yule hashindwi na paka. Daktari yule yule akaja, akampapasa, akaniambia, "Mzee, huyu si kama Jahazi. Huyu anaumia, na hatapona."

Nilimkatalia. Nikamweka ndani siku mbili. Usiku wa pili alilia kilio ambacho hata leo nikikikumbuka nafsi hunisuta. Asubuhi nilimwita daktari mwenyewe, akamdunga sindano ya kumpumzisha. Hapo nikajua kwamba siku zile mbili sikuwa nikimhurumia paka. Nilikuwa nikiihurumia sifa yangu. Kilema asiye na maumivu anataka nafasi ya kuishi, na mwenye mateso yasiyo na mwisho anataka kupumzishwa. Mwenye kupambanua ni mjuzi, nasi kazi yetu ni kumsikiliza. Wale vijana wa marungu walikosea kwa haraka yao, nami nilikosea kwa ukaidi wangu. Sioni nani kati yetu alikuwa na haki ya kumcheka mwenziwe.

Jahazi ametimiza miaka saba. Hajapata kukamata panya hata mmoja, na sitaraji kwamba atakamata. Lakini kila magharibi, nikitandika mswala, humwona akitoka jikoni, akienda upande na kurudi upande, akianguka mara mbili au tatu kabla hajanifikia. Safari ambayo paka mwingine huimaliza kwa kufumba na kufumbua, yeye huimaliza kwa dakika nzima. Hajapata kuiacha njiani.

Basi, ndugu yangu uliyeketi barazani ukilisoma gazeti hili, ukimwona paka akiyumba mtaani kwako, usimguse kwa mikono mitupu, wala usikimbilie rungu. Uliza kwanza: alianza lini? Huenda swali hilo dogo likaokoa roho, kama lilivyookoa nyumbani kwangu. Nasi sote bado tu hai, na hujafa hujaumbika.