Tembe za Zinki: Usikatishe Dawa Njiani

Leo nazungumza na mama, baba, nyanya na kila anayelea mtoto mdogo, kuhusu salfeti ya zinki, dawa anayopewa mtoto anayehara.

Zinki ni madini. Ndiyo hupakwa kwenye mabati yasishike kutu. Viwandani, zinki ikichanganywa na asidi ya salfuriki hupatikana chumvi inayoyeyuka upesi katika maji. Hiyo ndiyo salfeti ya zinki. Wakulima pia huitumia kama mbolea, lakini ile ya shambani usimpe mtoto kamwe. Dawa ya mtoto husafishwa na kupimwa kando.

Mtoto anapohara hupoteza maji, chumvi na zinki. ORS hurudisha maji na chumvi. Zinki husaidia utumbo kupona na mwili kupigana na viini. Ndiyo maana mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri vyote viwili vitolewe pamoja.

Utaitayarishaje? Nawa mikono kwa sabuni. Weka tembe kwenye kijiko safi, ongeza maji safi kidogo au maziwa ya mama, ngoja iyeyuke, kisha mpe mtoto. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa miligramu 20 mara moja kwa siku. Aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, yaani nusu ya tembe ya miligramu 20. Dawa hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Siku ya tatu mtoto ameacha kuhara, anacheza, na tembe zilizobaki zinafichwa kabatini. Msikilizaji, kuhara kukikoma, kazi ya zinki haijaisha. Tembe hizo zilizobaki ndizo hupunguza uwezekano wa mtoto kuhara tena katika miezi miwili au mitatu ijayo. Mpe mpaka zimalizike.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Lakini akihara damu, macho yakididimia, akilegea au akishindwa kunywa, usingojee tembe zifanye kazi. Mkimbize kwenye kituo cha afya mara moja.