Nani Huamua Chuoni Karhale
Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, chenye kampasi ya Karhale katika komini ya Kadutu, kilianza 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, kikajitegemea 2004. Hoja ya masomo huanzia baraza la idara, hupanda hadi baraza la kitivo, kisha baraza la chuo. Kamati ya uongozi, yenye rekta, makatibu wakuu na msimamizi wa bajeti, huendesha kazi za kila siku.

Lakini kwa muda mrefu viongozi hao waliteuliwa na serikali, na waraka wa waziri wa elimu ya juu hutoka Kinshasa kila mwaka. Mfumo wa LMD (shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu) nao ulishuka kutoka huko. Inasikitisha, maana anayelijua darasa ni mwalimu wake.