TOCHI YA BUNDUKI: NUSURA BABA MDOGO AMPIGE MWANAWE!

Msomaji wangu, nianze na swali. Ni usiku wa manane, umesikia mchakato nje. Mkononi una bunduki yako yenye leseni, na tochi umeifunga kwenye mtutu. Unawasha ili umjue aliye nje. Haya niambie, hapo mtutu unamtazama nani?

Kama umejibu "huyo huyo ninayetaka kumjua", umekwishaelewa nusu ya makala hii. Nusu iliyobaki mimi nilifundishwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, mwezi wa Novemba, nikiwa na taulo kiunoni na meno yanagongana. Na si kwa baridi!

MZEE NA MPIRA WA BAISKELI

Nilikuwa nimekwenda kumsalimia baba mdogo. Ni mtu wa migomba, kahawa na ng'ombe wachache. Wiki hiyo alikuwa ameuza ng'ombe wawili na fedha bado zilikuwa ndani. Basi usingizi wake ukawa wa kuku: jani likidondoka, yuko macho.

Msimcheke. Watu wa huko wana sababu. Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe, inapakana na Rwanda na Uganda, Mto Kagera ndio ua. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, silaha nazo zilivuka, na kwa miaka mingi ujambazi ukawa hadithi ya kila kijiwe mkoani Kagera. Mwaka 2013 serikali ikaendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kusaka wahamiaji haramu na majambazi wenye silaha. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulala kama mtoto wa Masaki.

Basi mzee ana shotigani, ya halali, karatasi zake zote zimo kwenye sanduku. Chini ya mtutu alikuwa amefunga tochi ya bei poa kwa mpira wa baiskeli. Jioni ile alinionyesha kwa mbwembwe. "Unaona, mwanangu? Nikimulika tu, nimemaliza kazi."

Mimi nikacheka. Nilidhani ni bomba. Kumbe!

SAA 10 ALFAJIRI

Nilishtuka mkono umenishika bega. "Amka. Kuna watu kwenye migomba."

Nikachungulia dirishani. Kweli bwana! Vimwanga viwili, vitatu, vinacheza kati ya migomba, vinainama, vinasimama, vinasogea kuelekea nyumbani. Hakuna anayesema neno. Mzee alikwishafungua mlango wa nyuma, kitako kipo begani, akabonyeza tochi yake. Ikawaka kidogo, ikazimika. Akaipiga kofi. Ikawaka tena, nyekundu kama mshumaa unaokata roho. Kwa mwanga ule, mbele yetu palikuwa na kivuli tu kilichoinama, kina kitu mkononi.

"Nani huyo?" Kimya. Kivuli kikaganda.

Sijui akili ilinitoka wapi. Nilikuwa na tochi yangu ndogo niliyotoka nayo Mwanza, mwanga wake ni mkali ile mbaya. Nikaimulika chini, kwenye miguu ya yule mtu. Nikaona kandambili. Nikapandisha mwanga kidogo: ndoo ya plastiki. Nikapandisha tena: sweta la shule.

"Baba mdogo, subiri! Ni mtoto!"

Si mtoto tu. Alikuwa ni mwanawe wa kuzaa, wa darasa la tano. Alikuwa ametoroka kupitia jikoni na kujiunga na watoto wa jirani kukamata senene! Aliposikia sauti ya baba yake aliogopa kiboko, ndiyo maana hakuitika. Kile kitu mkononi kilikuwa chupa ya senene.

Mzee alitoa risasi, akaegemeza bunduki ukutani, akakaa kwenye kizingiti. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Alisema jambo moja tu: "Ningemuua, mwanangu. Ningemuua na tochi ningekuwa nimemulika."

Asubuhi senene zilikaangwa zikanukia nyumba nzima. Baba mdogo hakugusa.

MULIKA KWANZA

Kulipokucha alinituma Kayanga, mjini Karagwe, nikamtafutie taa ya maana. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe mwenye mzee anayemiliki silaha kijijini, au mwenyewe unayefikiria kuomba leseni.

Kwanza kabisa, nunua tochi ya mkononi kabla ya ile ya bunduki. Tochi iliyofungwa kwenye mtutu ni ya kumwona vizuri mtu ambaye umekwishajua ni adui, si ya kuulizia "nani huyo". Ya mkononi unaweza kumulika chini au ukutani, mwanga ukarudi ukamwonyesha mtu bila kumwelekezea mauti.

Pili, usidanganyike na maandishi ya boksi. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Kandela ni ukali wa ule mwanga unaokwenda mbele. Tochi ya kandela 10,000, kwa kipimo cha watengenezaji, inafika mita 200, ingawa huko mwisho utaona kama kwa mbalamwezi tu. Kwenye migomba huna haja ya kufika huko, maana jani la kwanza linakurudishia mwanga machoni. Ukungu nao ni vivyo hivyo, na ndani ya chumba chenye kuta nyeupe ndiyo balaa. Tafuta mwanga wa wastani unaotawanyika pembeni, ili umwone mtu, mikono yake na alichoshika.

Tatu, kishindo. Shotigani inapiga teke. Balbu ya zamani ya waya hukatika, na betri huruka kidogo mwanga ukapotea. Taa ya LED haina waya wa kukatika. Na mpira wa baiskeli tuuachie baiskeli! Taa ya bunduki ina kishikizo chake cha chuma. Kabla hujafunga chochote, uliza polisi wanaoshughulikia leseni yako.

Nne, swichi ikae mbali na triga. Si utani huu. Mwaka 2010 huko Plano, Texas, askari mmoja alisema alitaka kuwasha taa ya bastola yake, kidole kikavuta triga badala yake. Mtu akafa. Na huyo alikuwa askari aliyefunzwa, sembuse mzee wa kahawa saa 10 alfajiri!

Tano, betri. Novemba ni mvua, sola inachechemea, chaji haijai. Jaribu tochi kila wiki, na za akiba ziwe mahali unapopajua gizani.

Na kumbuka ya Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini. Siku ya wapendanao mwaka 2013, ndani ya giza, alifyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo. Alidai alidhani ni mwizi. Alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji.

KABLA YA BUNDUKI

Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, lakini leseni haiwashi taa. Wezi wengi hufukuzwa na mambo madogo: taa ya nje inayojiwasha mtu akipita, mbwa, filimbi, na ile enduru inayoamsha kitongoji kizima. Na fedha ya ng'ombe? Ipeleke benki, mzee!

Nilirudi na tochi mbili. Ile ya bunduki baba mdogo aliitazama, akaifungia sandukuni pamoja na zile karatasi. Ile ya mkononi ameitundika kwenye msumari kando ya kitanda. Bunduki yenyewe sasa imefungiwa kabatini, na ufunguo anao yeye.

Na kila msimu wa senene ukifika, kabla hajalala, anapita chumbani kwa watoto na tochi ile, anamulika sakafuni, anahesabu miguu. Ikitimia yote, ndipo anazima.