Shahidi ni Aliyekuwapo

Ndugu zetu Waislamu, neno la Kiarabu shahida lina maana mbili: kushuhudia jambo, na kuwapo mahali. Maana hizi hazitengani, kwani asiyekuwapo atashuhudia nini? Wahenga nao walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Mkaguzi wa hesabu, wa kiwanda au wa machinjio, atiapo sahihi yake ametoa ushahidi kwamba amefika na ameona. Nasi tusiofika huko twala nyama, twanunua dawa na twatoa sadaka kwa kuitegemea sahihi hiyo.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Vitabu vya kampuni ya McKesson & Robbins vilionyesha mali ya zaidi ya dola milioni 87. Desemba 1938 ikadhihirika kwamba kiasi cha milioni 19 hazikuwapo. Na katika hizo, milioni 10 hivi ni bidhaa zilizoandikwa kuwa zimo ghalani, nyingi zikiwa dawa zilizodaiwa kuwekwa Kanada. Wakaguzi walizisoma karatasi, lakini ghalani hawakwenda, kwa kuwa desturi ya kazi yao siku hizo haikuwalazimisha. Mwaka 1939 chama chao kikabadili kanuni, mkaguzi ahudhurie mali inapohesabiwa.

Sisi tulikuwa na mfano huo tangu zamani. Watu wa Kufa walipomshitaki Saad bin Abi Waqqas (r.a.), Sayyidna Umar (r.a.) hakutosheka na maneno yaliyomfikia Madina. Bukhari amepokea kwamba alipeleka wajumbe Kufa kwenyewe, wakauliza habari zake msikiti kwa msikiti, wasiache hata mmoja.

Lakini twajuaje kwamba mjumbe amefika? Kumwuliza si kumvunjia heshima. Hudihudi alipoleta habari za Sabaa, Nabii Suleiman (a.s.) alimwambia kwamba itatazamwa kama amesema kweli, kama ilivyo katika Sura An-Naml, aya ya 27.

Basi wasimamizi wa misikiti, madrasa na wakfu wamwulize mkaguzi wao: Jina lake limo katika daftari la mlangoni, pamoja na saa ya kuingia na ya kutoka? Alionana na nani? Alihesabu mwenyewe au aliandikiwa? Aliona nini ambacho hakimo katika karatasi alizopewa? Picha peke yake haitoshi, maana yaweza kuwa imepigwa na mwingine, au siku nyingine. Kisha aulizwe bawabu kwa faragha. Maneno yao yakiafikiana, moyo hutulia.

Nanyi vijana mtakaopewa kazi hizi, jueni kwamba Mtume (s.a.w.) ameutaja ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Mkiletewa karatasi ya ghala msilolikanyaga, msitie sahihi, hata kama mwenye kuileta ni mkubwa wenu. Kazi hupotea ikapatikana nyingine; amana ikipotea, ni nani atakayewaamini tena?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.