Tembe za Macho: Je, Zafaa?

Siku ya soko mjini Kitale au Bungoma hukosi kumsikia mchuuzi mwenye kipaza sauti akitangaza tembe za "kurudisha macho ya ujana". Likizo ya Desemba, nyanya yangu alinunua mkebe mzima kwa pesa za mahindi. Akazimeza zote, na ukungu machoni ukazidi tu. Je, tembe hizi zina kazi gani?

Kwanza tuujue ugonjwa. Nyanya alikuwa na mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi angavu kama kioo cha dirisha. Tunapozeeka, lenzi hiyo huingia ukungu. Hakuna tembe wala dawa ya matone ya kuung'oa. Tiba ni upasuaji: daktari huitoa lenzi iliyoharibika na kutia nyingine ya kutengenezwa.

Basi, ati tembe ni bure kabisa? La. Nchini Marekani, utafiti uitwao AREDS ulionyesha mwaka 2001 kuwa tembe zenye vitamini C na E, beta-karotini, zinki na shaba zilipunguza kwa asilimia 25 hivi hatari ya ugonjwa mwingine wa uzeeni kufika hatua mbaya. Huo ni ule unaochakaza sehemu ya katikati ya retina. Lakini ziliwafaa waliokwisha kuanza kuugua, na mtoto wa jicho hazikumzuia. Tena, beta-karotini huwaongezea wavutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu. Kwa hiyo utafiti wa pili, mwaka 2013, ulipendekeza luteini na zeaksanthini mahali pake.

Kumbe luteini yenyewe imejaa kwenye sukuma wiki, mchicha na majani ya kunde! Hata mahindi ya njano, ambayo wazee wetu waliyadharau wakati wa njaa ya 1984, yanayo. Haya meupe yetu ya Trans Nzoia karibu hayana. Nayo vitamini A, inayotusaidia kuona penye giza, mwili huitengeneza kutokana na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mradi wa Mama SASHA uliwapa akina mama wajawazito wa Bungoma na Busia vocha za kupata mbegu zake. Ukipika, tia mafuta kidogo, ndipo mwili uipokee vizuri.

Mboga hazitamponya aliyekwisha kuugua. Likizo ya Aprili, shangazi alimpeleka nyanya hospitalini, akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa alinikazia macho, akacheka: "Kumbe mjukuu wangu umeota ndevu!"

Wenzangu, ukimwona mzee wako akipapasa njia, usimwachie mchuuzi. Mpeleke kliniki ya macho. Nasi tusisukume mboga pembeni mwa sahani pale bwaloni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.