Alishinda mechi 59, akafutwa: Toronto walivyomchagua kocha mpya

Timu ikiachana na kocha wake, barazani kwetu swali huwa moja tu: analetwa nani? Majina hutajwa kabla kahawa haijapoa. Huyu ana jina, yule aliwahi kuchukua kombe, mwingine ni kijana wa kwetu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza huyo anayeletwa anakuja kufanya nini ambacho aliyeondoka alishindwa kukifanya. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, hadi niliposhindwa vibaya katika ubishi mmoja kuhusu timu ya mbali kabisa, Toronto Raptors ya Kanada, mwaka 2018.

Raptors ndiyo timu pekee ya Kanada katika NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa vikapu yenye timu 30. Kila timu hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida. Kisha timu 16 bora huingia mchujo, ambako timu mbili hukabiliana mfululizo hadi moja ishinde mechi 4.

Kocha wao tangu 2011 alikuwa Dwane Casey. Aliichukua timu iliyokuwa haina mbele wala nyuma, akaifundisha kulinda, akaijengea heshima. Msimu wa 2017-18 alishinda mechi 59, idadi ambayo klabu hiyo haikuwa imewahi kuifikia, na akamaliza kileleni mwa ukanda wa Mashariki. Shida yake ilikuwa na jina: LeBron James. Mwaka 2016, Cleveland ya LeBron iliwatoa Toronto 4-2 katika fainali ya ukanda. Mwaka 2017 ikawatoa 4-0. Mwaka 2018, Toronto wakiwa ndio walioongoza msimu, 4-0 tena. Ile mechi ya tatu ya 2018 naikumbuka vizuri kwa sababu kwetu ilikuwa inakaribia alfajiri: LeBron aliikimbiza mpira upande wa kushoto, akaurusha kwa mkono mmoja ukagonga ubao ukaingia, na saa ikaisha. 105-103.

Tarehe 11 Mei Casey alifutwa kazi. Siku mbili kabla, makocha wenzake wa NBA walikuwa wamempigia kura kuwa kocha bora wa mwaka. Mwezi Juni ligi yenyewe nayo ikampa tuzo hiyo hiyo, naye akaipokea akiwa tayari ameajiriwa na Detroit. Jamani.

Aliyemfuta ni Masai Ujiri, aliyekuwa rais wa klabu wakati huo. Huyu tuna sababu ya kumjua: babake ni Mnigeria, mamake ni Mkenya wa Machakos, naye alilelewa Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Barazani nilisema wazi kwamba mwana wetu amedhulumu. Mtu anashinda mechi 59 unampiga kalamu? Sasa atakayekuja atashinda ngapi ndiyo mridhike?

Nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe. Mechi 82 za msimu wa kawaida hupima mazoea mema. Leo uko Boston, kesho kutwa uko Miami, na kila mpinzani ana siku moja au mbili tu za kukusoma. Kocha mwenye utaratibu thabiti, anayewafanya wachezaji wajitume hata usiku wa baridi usio na maana, atavuna ushindi mwingi. Casey alikuwa bingwa wa hilo. Lakini katika mchujo unakutana na mpinzani yule yule hadi mara 7 ndani ya wiki mbili. Anajua kila hila yako, anajua mchezaji wako gani hawezi kulinda, na anamtafuta huyo huyo. Hapo anahitajika mtu wa kubomoa alichojenga jana na kujaribu kitu kingine usiku huo huo, hata kama kitamtia aibu. Toronto walikuwa wamepigwa na mtu mmoja miaka mitatu kwa namna ile ile. Uamuzi wa kumwondoa Casey haukutokana na idadi ya ushindi wake.

Basi wakaanza kutafuta, na msako ulichukua takriban mwezi mzima. Aliyetajwa sana ni Mike Budenholzer, aliyetoka tu Atlanta, kocha bora wa mwaka 2015. Yeye akachagua kwenda Milwaukee. Tulikumbuke jina hilo, litarudi. Kulikuwa na Ettore Messina, Mwitaliano mwenye vikombe vinne vya EuroLeague, wakati huo msaidizi kule San Antonio. Kulikuwa na Jerry Stackhouse, mchezaji maarufu wa zamani, aliyekuwa ameipa ubingwa timu ya Toronto ya kukuzia vijana mwaka 2017. Na kulikuwa na wasaidizi wa Casey mwenyewe.

Tarehe 14 Juni wakamtangaza mmoja wa hao wa mwisho: Nick Nurse, miaka 50, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya NBA. Nilicheka. Unamshusha nahodha kwa kuwa jahazi limepanda mwamba, kisha usukani unampa serahangi wa jahazi lile lile?

Ila huyo serahangi alikuwa amesafiri. Nurse ni mtu wa Iowa, jimbo la mashamba ya mahindi. Miaka ya 1990 alikwenda kufundisha Uingereza, nchi ambayo mpira wa vikapu hauna wenyewe. Kumbi ndogo, pesa kidogo, watazamaji wa kuhesabika. Alichukua ubingwa wa huko na Birmingham Bullets mwaka 1996 na London Towers mwaka 2000. Alirudi Marekani akaingia ligi ya chini, ile ambayo timu za NBA hutumia kulea vijana na kujaribu mambo mapya, akatwaa ubingwa na Iowa Energy mwaka 2011, kisha na Rio Grande Valley Vipers mwaka 2013. Pesa hakupata nyingi, lakini alipata kitu ambacho makocha wakubwa hawana: miaka mingi ya kujaribu mambo mahali ambapo ukikosea hakuna gazeti litakaloandika.

Aliingia Toronto mwaka 2013 kama msaidizi. Msimu ule wa mechi 59, kazi ya kubadilisha mashambulizi ya timu ilikuwa yake: pasi nyingi zaidi, mitupo mingi zaidi ya alama tatu, mpira usikwame mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo Ujiri na wenzake hawakuhitaji mahojiano ya saa mbili kumjua. Walikuwa wamemtazama kwa miaka mitano, mazoezini na ndani ya ndege, siku za kushinda na siku za kuchapwa na Cleveland. Walijua anachoweza, na walijua ni tofauti na alichoweza Casey.

Mwezi mmoja baadaye Ujiri alikuwa hapa Kenya. Tarehe 16 Julai alikuwa Kogelo, Siaya, pamoja na Barack Obama kwenye ufunguzi wa kituo cha Sauti Kuu, ambako shirika lake la Giants of Africa lilijenga uwanja wa mpira wa vikapu. Tarehe 18 ikatangazwa kuwa amembadilisha DeMar DeRozan, kipenzi cha Toronto, kwa Kawhi Leonard wa San Antonio, ambaye msimu uliotangulia alicheza mechi 9 tu kwa sababu ya majeraha. LeBron naye alikuwa amehamia Los Angeles.

Hapa ndipo wenzangu hunikata kauli: basi si kocha, ni Kawhi! Nusu ya hilo nalikubali. Bila Kawhi, Toronto hawachukui chochote. Lakini tazama walivyomtumia. Msimu wa kawaida alicheza mechi 60 kati ya 82. Zilizobaki alipumzishwa, hata pale ushindi ulipohitajika. Kocha anayehesabu ushindi ili asifutwe hawezi kustahimili hilo kirahisi. Timu ilishinda 58, moja pungufu ya Casey. Na Detroit ya Casey iliwafunga Toronto mara zote tatu walizokutana msimu huo. Ungekuja barazani kwetu mwezi Machi 2019, ningekuonyesha ushahidi wangu wote.

Kisha ukaja mchujo. Fainali ya ukanda wa Mashariki, Toronto dhidi ya Milwaukee ya Budenholzer, yule yule aliyewakataa. Milwaukee wakaongoza 2-0, Giannis Antetokounmpo akipita katikati kama maji ya kusi. Mechi ya tatu, Nurse akampa Kawhi kazi ya kumkaba Giannis, mzigo mzito kwa mtu ambaye ndiye pia mfungaji wako mkuu. Giannis aliishia na alama 12, Toronto wakashinda baada ya vipindi viwili vya ziada, kisha wakashinda tatu zilizofuata. Budenholzer ndiye aliyepewa tuzo ya kocha bora wa msimu huo.

Kwenye fainali dhidi ya Golden State, mechi ya pili, Nurse alifanya jambo lililowachekesha watu. Alimweka mchezaji mmoja amfuate Stephen Curry kila aendako, na wanne waliobaki wakasimama kama pembe za sanduku kulinda eneo lao. Huo ni ulinzi wa mechi za shule. Curry mwenyewe alishangaa kuuona pale. Golden State wakakaa zaidi ya dakika 5 bila kupata hata alama moja. Toronto walipoteza mechi hiyo, 109-104, lakini mimi ndipo nilipoelewa walikuwa wamenunua nini. Walishinda fainali 4-2 tarehe 13 Juni 2019, pungufu ya siku moja kutimia mwaka tangu Nurse atangazwe.

Haki isemwe pia: Golden State waliumia. Kevin Durant alicheza dakika chache tu katika fainali nzima, na Klay Thompson alitoka mechi ya mwisho akiwa na goti bovu. Na ule ulinzi wa Toronto uliojulikana kila mahali ulikuwa na mkono wa Casey ndani yake. Sijabadili maoni yangu kwamba alitendewa ubaya. Nimebadili tu maoni kwamba Toronto walikosea.

Mwaka 2020 Nurse alikuwa kocha bora wa mwaka. Mwezi Aprili 2023, baada ya msimu wa kushinda 41 na kupoteza 41, naye alifutwa. Wiki chache baadaye Milwaukee wakamfuta Budenholzer, aliyekuwa amewapa ubingwa wa 2021, na wao wakaanza kutafuta. Wakafanya kitu kilichofanana sana na cha Toronto: wakamchukua msaidizi ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu, Adrian Griffin. Tena alikuwa msaidizi wa Nurse, miaka mitano kwenye benchi lile la Toronto. Tofauti ni kwamba Milwaukee hawakumtoa kwenye benchi lao wenyewe. Januari 2024, akiwa ameshinda mechi 30 na kupoteza 13, wakamfuta. Swali likawa lile letu la barazani, analetwa nani? Akaletwa Doc Rivers, mwenye jina, na mwenye ubingwa wa 2008 aliouchukua na Boston. Msimu huo Milwaukee walitolewa raundi ya kwanza.