KUDIMU TAA PEKEE HAKUTOSHI

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini mimi nimeona kwamba ajali nyingine kinga yake ni chaki na bisibisi.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilikuwa nikimsaidia mjomba kupeleka kabichi sokoni kwa pikapu yake. Jioni moja tulikutana na mzee aliyebeba maziwa kwa baiskeli. Ghafla akatumbukia mtaroni, maziwa yote yakamwagika! Tukasimama kumwinua.

"Kijana, kwani hujui kudimu taa?" akauliza kwa hasira.

"Nimedimu, mzee wangu!" mjomba akajibu.

Na kweli alikuwa amedimu. Basi kosa lilikuwa wapi?

Kesho yake tulienda kwa fundi wa jua kali. Aliweka gari tupu mahali tambarare mbele ya ukuta, akakagua upepo wa magurudumu. Kisha akachora ukutani mstari wa kulala, sawa na katikati ya taa, yaani sentimita 70 kutoka chini. Akarudisha gari nyuma mita 5, akawasha taa za dimu, akaziba moja kwa kadibodi ili aipime nyingine.

Ukingo wa juu wa mwangaza unafaa kuwa sentimita 5 chini ya mstari. Upande wa kushoto huinuka kidogo ili kumulika kando ya barabara. Kulia haufai kuinuka, kwa sababu hapa Kenya huko ndiko watokako wanaokuja.

Taa za mjomba zilikuwa sawa kabisa! Fundi akacheka. "Sasa pakieni mzigo," akasema. Tulipopakia kabichi, nyuma ikashuka sentimita 9, na mwangaza ukapanda juu ya mstari.

Hapo nikakumbuka hisabati ya darasani. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 3, kwa hivyo gari liliinamia nyuma sentimita 3 kwa kila mita. Mwangaza uliofaa kushuka sentimita 1 kila mita sasa ulipanda sentimita 2. Mita 45 mbele umepanda 90. Ongeza zile 70 za taa, unapata 160. Hapo ndipo yalipokuwa macho ya yule mzee!

Nyuma ya kila taa mna skrubu mbili: moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Lakini fundi hakukimbilia skrubu. Taa zikishushwa sana, gari likiwa tupu litamulika mita 17 tu. Alibadilisha kwanza springi zilizochoka, akamwambia mjomba apunguze magunia. Mzigo sasa ulishusha nyuma sentimita 3 tu. Ndipo akazungusha skrubu kidogo kidogo, mzigo ukiwa ndani, hadi mwangaza ukarudi chini ya mstari kwa sentimita 5.

Mjomba alimlipa mzee maziwa yake. Ewe msomaji, ukiona madereva wanakuwashia taa ilhali umedimu, usiwatukane. Tafuta ukuta upime.